Nane na Nane Bado ni Nane

Miembe ndiyo iliyoniumbua. Si miembe ya kuliwa, ni ya kwenye kompyuta: miti 24 niliyoipanda usiku mmoja katika bustani ya nyumba ambayo haikuwa imejengwa bado, kule Riat, juu kabisa, mahali ambapo ukisimama ziwa lote liko miguuni pako. Mwenye nyumba, mama mmoja, yuko Marekani. Kontrakta wake yuko hapa Kisumu. Mimi nakaa katikati yao na kutoa picha, ili mama aione sebule yake kabla lori la kwanza la mawe halijafika, na kontrakta apate usingizi.

Picha za ndani zilikuwa zimetoka vizuri. Jikoni, ngazi, chumba cha wageni, zote zikapita bila maneno. Kisha mama akaandika kwenye WhatsApp: "Mwanangu, na huko nje? Nataka kuiona ile miembe ya marehemu baba." Basi nikapanda miembe. Nikaongeza bogonvilia ukutani, nyasi, magari mawili kivulini. Nikabonyeza kitufe cha kurenda, yaani kompyuta ichore picha kamili, nikaenda kuinjika chai. Niliporudi hapakuwa na picha. Palikuwa na mstari mmoja tu chini ya skrini ukisema kadi imeishiwa kumbukumbu.

Sikuamini. Ndani ya kesi ya kompyuta mlikuwa na kadi mbili za grafiki, zile zinazochora picha, aina ya Radeon RX 580, kila moja na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kwa miezi mingi nilikuwa nikijisifu mbele za watu kwamba nina mashine ya gigabaiti 16. Bustani ya mama ilihitaji kama 10 hivi. Kumi ndani ya kumi na sita, hata mtoto wa gredi ya pili atakwambia inaingia na nafasi inabaki.

Haikuingia, na ilinichukua usiku mzima wa kusoma kuelewa kwa nini. Hapo ndipo lilipoanza swali la makala hii: kadi moja au mbili?

Kila kadi ya grafiki ina kumbukumbu yake yenyewe, imechomelewa kwenye ubao wake, hatua ndogo tu kutoka kwenye chipu inayofanya kazi. Ukaribu huo ndio siri ya kasi yake. RX 580 husoma kumbukumbu yake kwa kasi ya hadi gigabaiti 256 kwa sekunde. Ikitaka kusoma ya jirani yake, lazima ipitie kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na huko njia ni nyembamba. Nafasi ya juu ya kuchomekea kadi kwenye madabodi yangu hupitisha kama gigabaiti 16 kwa sekunde. Ile ya chini, ambayo kwa macho ina urefu uleule, hupitisha kama 2 tu. Mafundi wengi hawakwambii hilo. Wao wanaona matundu mawili marefu, wanasema, "Boss, kadi mbili zinaingia." Kuingia zinaingia.

Kwa hiyo programu ya kuchora haijaribu hata kuzigawia kadi vitu. Inainakili bustani nzima kwenye kadi ya kwanza, kisha inainakili bustani ileile nzima kwenye kadi ya pili, halafu kila moja inachora sehemu yake. Ni kama watahiniwa wawili wa mtihani mmoja: hata ukiwaambia huyu ajibu maswali ya mwanzo na yule ya mwisho, bado kila mmoja amepewa karatasi nzima. Ningekuwa na kadi kumi ningekuwa na nakala kumi za bustani, na bado bustani yenyewe isingeruhusiwa kupita gigabaiti 8.

Na hizo gigabaiti 8 zinajaa upesi kuliko unavyodhani. Chukua picha moja ya gome la mti, ya upana wa pikseli 4,096 na kimo kilekile. Kwenye diski ni faili la JPEG la megabaiti 4 au 5, kitu cha kutuma kwa simu. Ikifika kwenye kadi inakunjuliwa, kila pikseli inachukua baiti 4, na faili lako dogo sasa ni megabaiti 64. Picha mia za namna hiyo, yaani gome, majani, vigae, nguo za makochi, na umeshakula zaidi ya gigabaiti 6 kabla hujaweka ukuta hata mmoja. Ukizipunguza hadi pikseli 2,048, kila moja inashuka hadi megabaiti 16, na kwa mti ulio mita thelathini kutoka kwenye kamera hakuna binadamu atakayeona tofauti.

Nirudi nyuma kidogo, maana kadi zenyewe nazo zina historia.

Septemba 15, 2022, mtandao wa Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki. Watu waliokuwa na mabanda ya kadi zinazonguruma usiku na mchana duniani kote wakaamka na vyuma visivyo na kazi. Wakauza. Mwanzoni mwa 2023 mimi nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Duka moja la Nairobi liliniuzia RX 580 mbili kwa shilingi 26,000, zikaja na basi la usiku zikiwa zimefungwa kwenye gazeti na kipande cha godoro. Niliwaza hivi: kadi moja mpya yenye nguvu ni zaidi ya elfu arobaini, mimi nina mbili kwa pesa pungufu ya hizo, nani mjinga?

Jibu lilikuja kwa awamu. Kwanza, kadi moja kati ya hizo mbili haikuwa pacha wa mwenzake. RX 580 kamili ina viini 2,304, yaani vijisehemu vya chipu vinavyopiga hesabu. Ya pili, nilipoichunguza kwa programu, ikaonyesha 2,048. Kumbe kuna toleo lililotengenezwa kwa soko la China, 2018, ambalo kwa hakika ni RX 570 iliyovishwa jina la kaka yake. Boksi halisemi, stika haisemi. Ukinunua kadi kuukuu, hesabu viini kwanza, kabla hujashukuru.

Pili, na hili ni kosa langu mwenyewe, sikuuliza programu yangu inataka nini. Natumia Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu. Toleo la 3.0, lililotoka Desemba 2021, lilikuwa limeshaacha OpenCL, lugha ambayo kadi kama RX 580 ziliitumia kuzungumza na injini yake ya kurenda. Kwa maneno mengine, nilinunua kadi mbili ambazo Blender mpya ilikuwa imeshaziaga mwaka mzima kabla. Nikabaki na toleo la 2.93, kama mtu anayeendesha gari ambalo vipuri vyake vimeacha kuletwa.

Nisizitukane sana lakini. Pale kazi ilipokubali kugawanywa, zile kadi mbili zilinitendea haki. Blender ya zamani ilichora picha kwa vipande vya mraba, na ukiwa na kadi mbili unaona miraba miwili ikitembea kwenye skrini kwa wakati mmoja, kama watu wawili wanaopalilia mistari ya mahindi. Mmoja wao alikuwa anachelewa kidogo, sasa mnajua ni yupi. Sebule iliyokuwa ikichukua dakika 41 kwa kadi moja ilitoka kwa dakika 22. Hiyo ni karibu nusu kamili, na vitu vichache sana kwenye kompyuta hukupa nusu kamili. Sababu ni kwamba pikseli ya kona hii haihitaji kujua pikseli ya kona ile imefikia wapi. Hakuna anayemsubiri mwenzake.

Gharama ilikuwa kwingine. Kila kadi hula hadi wati 185. Mbili pamoja na kompyuta yenyewe zinapita wati 450, na UPS yangu ya VA 650, betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea, ambayo hutoa kama wati 360 ikijitahidi, ilikuwa inalia na kuzima pamoja na stima, yaani haikuwa na maana yoyote. Agosti 25, 2023, usiku ule stima ilipopotea karibu nchi nzima, nilikuwa narenda video ya sekunde 20 moja kwa moja kuwa faili la MP4. Faili la MP4 lisilofungwa vizuri halifunguki. Saa tisa za kazi zikaenda hivyo. Tangu siku hiyo natoa kila fremu, yaani kila picha moja inayounda video, kama faili la PNG peke yake, halafu naziunganisha mwisho. Stima ikipotea napoteza fremu moja, siyo video nzima. Kama hutoki na kitu kingine kwenye makala hii, toka na hicho.

Kuna kijana hapa Manyatta ana chumba cha gemu, viti sita na televisheni nne. Alisikia nina kadi mbili akaja kuniuliza. "Brathe, mjomba wangu anasema ukifunga kadi mbili na ule waya wa juu, gemu inaenda mara mbili." Mjomba hakudanganya. Amechelewa tu miaka kadhaa.

Hadithi hiyo ilianza 1998 na kampuni ya 3dfx. Kadi yao ya Voodoo2 iliweza kuunganishwa na mwenzake, moja ikichora mistari ya witiri ya skrini na nyingine ya shufwa. Waliuita mpango huo SLI. Ukiwa na moja uliishia pikseli 800 kwa 600. Ukiwa na mbili ulifika 1,024 kwa 768, na wakati huo hilo lilikuwa jambo la kuita majirani. 3dfx ikaanguka, mshindani wake Nvidia akanunua mali yake, na mwaka 2004 herufi zilezile tatu zikafufuliwa zikiwa na maana nyingine. ATI, kampuni nyingine ya kadi, wakajibu mwaka uliofuata na CrossFire. Safari hii kadi hazikugawana mistari, mara nyingi ziligawana fremu: hii ya kwanza, ile ya pili, hii ya tatu.

Kwenye kipimo cha fremu kwa sekunde namba zilipendeza. Kwenye macho, si sana. Fremu zilikuja mbilimbili, mbili zikifuatana haraka kisha pengo, na mchezaji anahisi picha inakwaruza ingawa kipimo kinasema fremu 60. Halafu watengenezaji wa gemu wakaanza kutumia mbinu zinazoazima habari kutoka fremu iliyopita ili kulainisha hii ya sasa. Fremu iliyopita iko wapi? Iko kwenye kadi nyingine. Basi ile iliyotakiwa kukimbia inasimama kusubiri barua kutoka kwa jirani, kupitia ile njia nyembamba niliyoisema. Zaidi ya hayo kila gemu ilihitaji kuandaliwa kwa mkono kwenye draiva, ile programu inayoiongoza kadi, na watu wenye kadi mbili walikuwa wachache mno kustahili taabu hiyo.

Kadi ya Nvidia ya GTX 1060 ilipotoka 2016 haikuwa na tundu la ule waya kabisa. Katika kizazi cha RTX 30 ni 3090 na 3090 Ti tu zilizobaki nalo kwa upande wa kadi za watu wa kawaida, na Nvidia ikasema kuanzia Januari 2021 haitaongeza tena maandalizi mapya ya SLI kwenye draiva zake. RTX 4090 ya 2022 haina hata alama ya mahali lilipokuwa. Nilimwambia kijana kwa gemu asifikirie mara mbili: kadi moja, kubwa kuliko zote anazoweza kulipia, na chenji inunue kiti cha saba. Alinunua kadi moja na spika. Majirani zake wana maoni kuhusu hizo spika.

Kwa hiyo nilipofikia kubadilisha zangu, mapema 2024, sikuwa tena nauliza swali la mjomba. Mezani nilikuwa na karatasi mbili. Moja ni ya RTX 3090 iliyotumika, shilingi 115,000, muuzaji anaapa haijawahi kuchimba sarafu (wote huapa). Nyingine ni ya RTX 3060 mbili za gigabaiti 12, mpya, shilingi 43,000 kila moja.

Ukiziweka pamoja utadhani ni kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili. 3090 ina gigabaiti 24. 3060 mbili ukijumlisha ni 24. 3090 hula wati 350. 3060 mbili hula 340. Nilicheka nilipoona hilo, maana nilikuwa nimetegemea stima inisaidie kuamua. Tofauti inaanzia kwenye viini: 10,496 kwa ile kubwa, na 3,584 mara mbili, yaani 7,168, kwa zile ndogo. Kasi ya kumbukumbu ni gigabaiti 936 kwa sekunde dhidi ya 360 kwa kila ndogo. Na tofauti kubwa kuliko zote mnaijua tayari: 24 ya kwanza ni 24, na 24 ya pili ni 12 iliyoandikwa mara mbili.

Isipokuwa kwa kazi moja. Rafiki yangu mmoja anayesoma Maseno anataka kuendesha mifano ya lugha nyumbani, hii akili bandia inayoandika. Huko kumbukumbu za kadi mbili zinajumlika kweli, kwa sababu mfano wenyewe umejengwa kwa tabaka, unaweza kuweka tabaka za chini kwenye kadi moja na za juu kwenye nyingine, na kinachovuka kati yao ni kidogo. Lakini zinafanya kazi kwa kupokezana kijiti, siyo kwa pamoja. Chukua mfano wa gigabaiti 18. Ili kutoa kipande kimoja cha neno, lazima wote usomwe. 3090 kwa hesabu ya karatasi inaweza kuusoma mara 52 kwa sekunde. Zile mbili, kila moja ikisoma 9 zake kisha kumpisha mwenzake, ni mara 20. Utaingia, lakini utaingia polepole. Nilimwambia kwa mwanafunzi asiye na haraka hilo si baya hata kidogo.

Mimi si mwanafunzi. Nikachukua daftari.

Nina daftari la kazi zote, la kurasa 96, kila mteja na tarehe na saa zilizotumika, kwa sababu mke wangu alichoka kuniuliza pesa zinakwenda wapi. Mwaka uliopita nilikuwa nimefanya kazi 37. Zilizopita gigabaiti 8 zilikuwa nne. Iliyopita 12 hakuna. Hata miembe ya mama nilipoifungua upya niligundua uzembe wangu mwenyewe: nilikuwa nimenakili kila mti kwa vitufe vya Shift na D, na hivyo kila mti ukawa na majani yake yenyewe, kama ameumbwa peke yake. Ukinakili kwa Alt na D, miti yote inashirikiana mwili mmoja, na kadi inauhifadhi mara moja tu. Nilirekebisha, nikapunguza picha za magome, bustani ikashuka chini ya gigabaiti 5. Ingeingia hata kwenye ile RX 580 bandia. Mtu mwenye busara angeishia hapo, akafunga pochi. Lakini nilikuwa nimechoka kuishi kwenye 2.93, na mtu akishaanza kulinganisha kadi usiku hashikiki.

Kitu kilichoniamulia hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Kilikuwa joto.

Chumba changu kiko Nyamasaria, chini ya mabati, na saa nane mchana hewa ya ndani inafika nyuzi 31. Kadi haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoipuliza. Feni hazitengenezi baridi, zinahamisha joto tu. Zile RX 580 mbili zilikuwa zimebanana, ya juu ikivuta pumzi ya ya chini, na ya juu ilikuwa inakaa nyuzi 88 huku mwenzake akiwa 74. Nilikuwa nikiondoa ubavu wa kesi na kuielekezea feni ya mezani, ile ya kulalia, na mke wangu alikuwa na maoni pia. Sasa 3090 ina tatizo lake: kumbukumbu zake ni chipu 24 za gigabaiti moja moja, na 12 kati ya hizo ziko mgongoni mwa kadi, upande usio na feni. Huko Ulaya watu wanalalamikia joto la mgongo huo. Mimi niiweke Kisumu, imetumika, haina dhamana, na ikifa dawa yake iko Nairobi safari ya usiku kucha?

Na zikiwa 3060 mbili, nimezirudisha kwenye kesi moja zipumuliane?

Hapo ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu. Anaishi Nakuru, upande wa Lanet, kama mita 700 juu zaidi yetu, ambako usiku analala na blanketi mbili. Anahariri video za harusi kwa DaVinci Resolve ya bure, na kompyuta yake ilikuwa na kadi ya enzi za babu. Resolve ya bure kwenye Windows hutumia kadi moja tu. Ya pili haiangalii mpaka ulipie toleo la Studio. Kwa hiyo kadi mbili kwenye kesi moja zisingemfaa yeye hata kwa mkopo, na kwangu zingekuwa mateso. Nikampigia. Nikanunua mbili, moja ikabaki Nyamasaria, nyingine ikapanda matatu kupitia Kericho. Mchana ni yake na maharusi wake. Usiku ni yangu.

Wapo watakaosema huu ni ukwepaji, swali lilikuwa kadi moja au mbili, mimi nimejibu kompyuta mbili. Sawa. Lakini angalia ilivyofanya kazi. Pawa saplai za kawaida za wati 550 zilitosha kote kuwili, hakuna aliyenunua mpya. UPS yangu ileile ya VA 650 sasa inabeba mashine nzima na kunipa dakika chache za kuzima kwa heshima. Kadi yangu ikifanya kazi mchana inafika nyuzi 76. Yake usiku, kadi ileile, kazi ileile, 63. Na moja ikifa, kazi ya mteja inachelewa, haifi.

Kazi ya kwanza tuliyoigawana ilikuwa tena ya mama wa Riat. Safari hii alitaka kutembea: kamera iingie getini, ipite chini ya miembe, ifike barazani. Sekunde 10, fremu 250, kila fremu dakika 6. Kwa kadi moja hizo ni saa 25. Nilituma faili la gigabaiti 1.8 kwenda Nakuru jioni, wakati bando la usiku limeanza. Kwenye Blender kuna visanduku vitatu, fremu ya kuanzia, ya kuishia, na hatua. Mimi nikaandika anza na 1, hatua 2. Yeye anza na 2, hatua 2. Witiri Kisumu, shufwa Nakuru. Nilikuwa nimeshalala nusu nilipogundua kwamba tumeifufua kazi ya ule waya wa mjomba, kwa umbali wa kilomita karibu 180, tofauti ni kwamba kati yetu hakuna anayemngoja mwenzake.

Saa tano usiku radi ikapiga upande wa Nyando, mvua ya Kisumu mnaijua, na stima ikaondoka. UPS ikalia, nikazima. Nilikuwa nimefika fremu ya 45. Ilirudi asubuhi saa moja na nusu.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza shufwa zake zote 125 kabla sijanywa chai, na ameanza kunisaidia witiri kutoka mwisho kurudi nyuma bila kuambiwa. Kontrakta akapiga simu, mama yuko macho huko Marekani na anataka kuona kitu, chochote. Nikaunganisha zile fremu za Nakuru peke yake, fremu moja katika kila mbili, nikaituma hivyo ikirukaruka. Kontrakta akaandika, "Fundi, mbona kamera inachechemea?" Nikamwambia nusu ya video iko njiani.

Mama akachukua muda zaidi. Niliona anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Mwanangu, ni nzuri sana. Lakini miembe ya baba ilikuwa mitatu tu."